Saa Niliyoifundisha Kiswahili

Michenzani, Unguja
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu mpenzi, Bi Mwavita,

Shikamoo. Nakuamkia kwa magoti yote mawili, hata lile lililoumia mpirani. Miguu yako vipi, bado inavimba jioni? Na kikohozi cha vumbi kimekuacha, au mmeamua kuishi pamoja? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, suruali zinanibana kwa ajili ya urojo wa hapa. Ingekuwa habari ni za mwili tu, ningesalimia ukoo nikatia sahihi.

Zaituni mdogo wangu, wewe ndiye msomaji. Naijua tabia yako ya kuruka mistari ukiona habari nzito, ukamwambia Mama, "Kasema hajambo, basi." Leo usiruke. Sauti ikikukwama, kunywa maji, endelea.

Mtajiuliza karatasi ya nini na simu ninazo, tena mbili. Kwenye simu mimi nachekesha. Mama akiuliza, "Sefu, mbona sauti yako leo hivyo?" natupa mzaha mmoja, anacheka, salio linakwisha, na neno limebaki tumboni. Karatasi hainichekei, kwa hiyo nimeiona inafaa.

Kazi yangu mnaijua, lakini sifa ni kama chai, haina ubaya kuipasha moto. Hapa Unguja, kuanzia Darajani hadi Mkokotoni, ukitaja "Sefu wa Ujiji" hata paka wanakuonyesha njia. Nina nusu ya meza pale Darajani, nusu nyingine ni ya Othmani, mwenzangu wa kazi. Othmani ana stashahada ya kompyuta, kaitia fremu. Mimi niliishia kidato cha pili na fremu sina, lakini wateja wakija wananiuliza mimi. Nimefungua kompyuta za hoteli, za maskuli, na moja ya mtu mkubwa ambaye jina lake silitaji kwa heshima ya vitu nilivyovikuta ndani.

Sasa sikilizeni. Juu ya chumba changu, ghorofa ya tatu, wanakaa Mzee Makame na mkewe Bi Raya. Niandike walikuwa wanakaa. Tangu mwaka wangu wa kwanza hapa walinichukua kama mtoto wao, na Ramadhani sijawahi kufuturu peke yangu. Mzee ni karani mstaafu wa bandarini. Alikuwa akiniita Mbara, kwa kuwa nimetoka bara. "Mbara, umeshakula pweza au bado unaogopa mikono yake?" Nami humjibu, "Mzee, sisi tumekuzwa na migebuka, samaki asiye na mkono wa kumkaba mtu."

Mwaka huu moyo wa Mzee ulianza kuchoka, akapangiwa kwenda India kupasuliwa. Msindikizaji aliruhusiwa mmoja tu. Bi Raya alitaka awe yeye. Mzee akamchagua Asya, binti yao, kwa kuwa Asya anajua Kiingereza na macho yake ni mazima. Bi Raya macho yake yana ukungu, hata simu yake ni ile ya vitufe vikubwa. Bi Raya akaudhika, na akiudhika hasemi. Siku ya safari alijifungia jikoni. Mzee akasimama ukumbini, akaita, "Raya, nnakwenda." Akajibiwa na sufuria. Nayasema haya kwa kuwa mkoba niliubeba mimi na masikio yalikuwa yangu.

Akashuka ngazi pole pole. Tulipofika chini akaniambia, "Hasira zake ni za chumvi hizo, Mbara, zitayeyuka. Tutaombana radhi kabla sijaingia kisuni."

Mama, hapa ni kama kwetu. Mtu haendi safari ya hatari bila yeye na mkewe kuambiana, niwie radhi, nami nimekuwia. Kwa hiyo mpango ulikuwa kwamba kabla ya kupasuliwa wataonana kwa kompyuta ya nyumbani, yenye kioo kipana, Bi Raya amwone mumewe vizuri. Ndipo kompyuta nayo ikaugua.

Bi Raya akaniita. Nikaikuta imevishwa kitambaa cha kushonwa maua, kama bibi harusi. Kila ukurasa wa mtandao unakataa kufunguka.

"Inasemaje, mwanangu?"

"Inasema tupo mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la tano, Bi."

Ugonjwa nikaujua hapo hapo. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoiwekea saa hata umeme ukikatika. Ile ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, na unakatika, saa inarudi nyuma miaka na miaka. Na kurasa za mtandao zina vyeti vyenye tarehe, kama pasipoti. Kompyuta ikidhani tupo zamani, inaona cheti hakijaanza kazi, inamfungia mtu mlango. Nikatia betri mpya. Nikaiamuru ijilinganishe saa na mtandao, ikagoma, ikaandika kosa. Nikakuta kile kijitumishi cha ndani kinachofanya kazi hiyo kimezimwa. Nikakiwasha, nikabadilisha na anwani inakochukua saa, nikabonyeza tena. Ikatii. Othmani angetumia siku nzima na kitabu.

"Ipo saa ngapi sasa?" akauliza Bi Raya.

"Kumi kasoro robo."

Akatazama saa ya ukutani. "Mbona yangu inasema nne kasoro robo?"

Saa ile Mzee aliitundika kwa hesabu yetu. Jua likishachomoza na kuwa saa moja, mshale upo kwenye moja, si kwenye saba.

"Ya kizungu hii, Bi. Unatoa sita."

"Kutoa na kujumlisha nshamwachia Mzee. Mie nataka saa moja nyumba nzima."

Mama, unanijua. Mtu akiniomba kitu kwa upole, hata kisichowezekana, moyo unanitangulia. Nikairudisha saa nyuma kwa mkono, saa sita. Mtandao ukailinganisha, ikarudi mbele. Nikairudisha tena, ikarudi tena. Nikakaribia kushindwa, nikakataa kushindwa. Kompyuta huwa inauliza upo mji gani wa dunia ili ikupe saa za huko. Nikapekua orodha mpaka nikakuta mji mmoja wa Amerika ya Kusini ulio nyuma yetu kwa saa sita kamili. Nikauchagua. Mtandao ukalinganisha bila ubishi, na kioo kikaandika saa nne, sawasawa na ukutani.

Bi Raya akapiga kigelegele kidogo, kisha akaziba mdomo, kwa kuwa mumewe ni mgonjwa.

Nilishuka ngazi kama niliyevumbua umeme. Nikatangaza jengo zima kwamba nimeifundisha kompyuta Kiswahili. Nyumba nne zikaniita niwafanyie hivyo hivyo, nikawafanyia, kwa soda tu. Othmani peke yake hakufurahi.

"Umeidanganya ipo Amerika," akasema. "Siku moja utasahau kama umeidanganya."

Nikamwambia stashahada yake ina wivu.

Baada ya siku kumi Asya akaleta sauti kwenye simu yangu. "Kaka Sefu, Mzee atapasuliwa kesho. Ofisi ya hospitali imetuma mwaliko wa kuonana kwenye kompyuta ya nyumbani. Saa wanapanga wao, imo humo humo ndani ya mwaliko, angalieni." Nikapanda juu, nikaufungua. Kioo kikaandika tarehe ya kesho, na saa mbili kamili, sifuri mbele.

Bi Raya akainama, pua karibu iguse kioo. "Mbili hiyo. Saa mbili."

Nikacheka. Zaituni, soma hapa bila kupunguza sauti. Nilicheka. Nikamwambia, "Bi, hiyo ni mbili ya kizungu. Yetu sisi ni nane."

"Nane ya usiku?"

"Hospitali gani itamwamsha mtu saa nane ya usiku? Hao wamekosea usiku na mchana. Ni saa nane mchana, baada ya adhuhuri. Niachie mimi."

Mwaliko wenyewe ulikuja na saa za huko, kompyuta ikazigeuza kuwa saa zake, na saa zake nilikuwa nimeshazifanya kuwa zetu. Mbili ile ilikuwa mbili kweli, saa mbili asubuhi. Hesabu ilikuwa imeshatolewa, nami nikaihesabu mara ya pili, kwa mazoea, kama tunavyofanya sote tukiona saa imeandikwa kwa mashine. Bi Raya na macho yake ya ukungu aliisoma sawa. Mtaalamu akamsahihisha.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye fundi."

Asubuhi yake mimi nikaenda Jozani. Watembeza wageni wa kule wana kompyuta ofisini iliyokuwa imejaa wadudu, wa kweli, wenye miguu. Simu haikushika mtandao msituni, nami sikuwa na wasiwasi, saa nane ilikuwa mbali. Bi Raya naye akaiacha simu yake kwenye chaji, na nani kampigia macho yake hayasomi, akaenda jengo la pili kusoma Yasini na wanawake wenzake, kumwombea Mzee. Alinipitia mlangoni asubuhi na mapema akaniambia atarudi saa tano, aoge, avae.

Nilimaliza kazi, nikapanda gari kurudi mjini. Tulipotoka kwenye miti, simu ikaanza kutetemeka mfukoni, ikatetemeka mpaka abiria wa pembeni akanitazama. Simu kumi na moja za Asya. Na maandishi. La kwanza lilisema, "Mko wapi, Mzee yupo mbele ya kioo." La pili, "Anasema atasubiri." La tatu, "Wauguzi wamekuja." La nne, "Wauguzi wamekuja tena." Pembeni ya lile la kwanza simu ilikuwa imeandika saa lilipoingia, nane na dakika tano, ya kizungu kweli kweli. Saa mbili na dakika tano. Nikaiona ile mbili.

Mama, mimi nimepita Dar, nimepita Mombasa, nimewahi kukaa Muskati siku tatu nikirudishwa kwa ajili ya viza. Pote huko sikuwahi kukosa la kusema. Kwenye gari lile mtu aliniuliza nauli, nikampa simu.

Nilipopanda ghorofani, Bi Raya alikuwa amekaa mbele ya kompyuta. Amevaa kanga mpya, amefukiza udi, mtandio kaupiga pasi.

"Umewahi," akasema. "Bado nusu saa."

Hapa ndipo ningesema. Badala yake nikakaa, nikabonyeza ule mwaliko, nikisubiri muujiza. Kioo kikaandika kikao kimekwisha. Nikamwambia, "Hospitali wamebadilisha saa, Bi. Wahindi hao." Akakitazama kioo, akanitazama mimi. Akavua mtandio, akaukunja mara nne, akauweka mapajani.

Mzee Makame hakutoka hai kisuni. Asya alipiga simu magharibi. Wamemzika huko huko, kwa kuwa kumleta kulishindikana, na hapa tukasoma hitima bila jeneza. Bi Raya akaingia eda. Miezi minne na siku kumi yupo ndani, haonani na mwanamume asiye wa damu yake. Mimi niliyekuwa nikiingia pale kama mtoto, nikawa mtu wa mlangoni.

Asya aliporudi alinisimulia, hajui anamsimulia nani. Alisema Mzee aliketi na vazi la hospitali, akachana ndevu kwa vidole, akasubiri zaidi ya nusu saa. Wauguzi walipokuja mara ya pili Asya akamwambia, "Baba, niachie mimi neno, nitampelekea Mama." Mzee akasema, "Hili si neno la kuachiwa mtu. Hili la kupeana." Akachukuliwa.

Nilimweleza Othmani yote. Nilitaraji anicheke, na ningestahili. Hakunicheka. Aliifuta meza upande wake, akaifuta na upande wangu.

"Usimwambie," akasema. "Mjane yupo edani. Utamtia kidonda juu ya kidonda, kwa faida ya nani? Yako wewe."

"Anadhani ni hospitali."

"Wacha adhani. Hospitali haina usingizi wa kukosa."

Nikamsikiliza wiki tatu. Katika wiki hizo nilizunguka zile nyumba nne nikarudisha kompyuta zao kwenye saa za kawaida. Walinilalamikia. Mmoja akasema, "Sasa umeingiwa na nini, si ulisema ni uvumbuzi?" Nikamwambia umeharibika. Usiku nilikuwa sawa, nalala kama gogo. Mchana ndio ulionishinda, kila nikitazama saa.

Juzi nikapanda. Nikamwomba Asya anikalishe ukumbini, Bi Raya awe ndani nyuma ya pazia, mlango wazi, Asya mwenyewe akiwepo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Umenionaje na pazia?"

"Sauti yako imekonda."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mengine mazuri sana. Yote yakaniponyoka. Nikasema, "Bi, hospitali hawakubadilisha saa. Ni mimi."

Nikasikia tasbihi inapita kwenye vidole, punje kwa punje, kisha ikasimama.

"Mbili," akasema.

"Naam."

"Niliisoma mbili."

"Uliisoma sawa, Bi. Mimi ndiye niliyekosea."

Asya akainuka, akanitazama kwa macho ambayo sitayaandika. Akataka kusema, mama yake akamkataza kwa nyuma ya pazia. "Mwache. Mie nshajua tangu siku ile ile, alipotaja Wahindi. Nilikuwa nnamngoja aje."

Nikashuka kwenye kiti mpaka sakafuni. "Niwie radhi, Bi Raya."

"Wewe nshakuwia," akasema. "Umekuja, umesema, nimekusikia. Imekwisha hiyo."

Nikalia, Mama, mbele ya Asya. Nikadhani ni hilo tu, na kwamba nimetoka. Bi Raya akaendelea, sauti ile ile ya kuulizia bei ya ndizi.

"Na Mzee naye, mie nshamwia zamani. Jikoni mle mle, kabla hamjafika chini ya ngazi. Kila sala namwombea. Ninachotaka kujua, yeye alinisamehe? Wewe ulibeba mkoba. Alisema nini?"

Nikamweleza neno kwa neno. Hasira za chumvi, zitayeyuka, tutaombana radhi.

"Tutaombana," akarudia. "Basi alikuwa hajanipa."

Asya akasema, "Mama, alikusubiri nusu saa nzima. Mtu asiyesamehe hasubiri."

"Pengine. Au alisubiri niombe mie." Tasbihi ikaanza tena. "Unanambia unavyodhani. Mie simtaki wa kudhani."

Mama, nilikuwa na uwongo mzuri mdomoni. Ningesema, "Bi, chini ya ngazi alisema amekusamehe, nami nilisahau kukwambia." Angelala usingizi. Nikaufunga mdomo kwa sababu nimeshampa saa moja ya uwongo na imetosha. Nikaaga, nikashuka ngazi zile zile. Sijui kama nilifanya haki au nilifanya ukatili. Othmani hajui. Imamu nilimuuliza, akaniambia Mungu ni mwenye kusamehe, nami nalijua hilo. Swali la Bi Raya lilikuwa la mumewe.

Sasa langu, Mama. Nilipoondoka Ujiji ulikuwa umenikataza. Ulisema nimsubiri Baba arudi ziwani, nami nikatoka kwa mlango wa uani wewe ukiwa kwenye swala, nikakupigia simu kutoka Tabora, nikakuchekesha. Ulicheka, na ni miaka sita sasa tunacheka. Sikuwahi kukuuliza kama umeniwia radhi, wala wewe hukuwahi kusema.

Usiniambie kwenye simu. Zaituni, Mama asikwambie jibu nawe ukaniandikia. Othmani atakaa mezani pande zote mbili, na mimi nitapanda boti Jumatatu ya pili, barua iwe imetangulia, kisha treni. Nikifika sitasema mzaha wowote mpaka nimekaa mbele yako na wewe umenitazama. Ukiwa nayo radhi, unipe. Ukiwa huna, uniambie huna, nami nitaisikia kwa masikio yangu.

Nisalimieni Baba Mdogo Rajabu muuza dagaa, Shangazi Mwajuma wa mashine ya mawese, Mwalimu Idi aliyenipiga fimbo za hesabu, mwambieni alinipiga chache, na Bibi wa nyumba ya pili ikiwa bado ananikumbuka. Baba nitamsalimia mwenyewe. Mwombeeni Mzee Makame aliyelala mbali, na mkewe aliye ndani bado anahesabu punje.

Ni mimi mwanao niliyetoka kwa mlango wa uani,
Sefu